Debe Mlangoni: Mazungumzo na Manahodha wa Mkokotoni Kuhusu Vita vya Mawimbi

Haya niliyasema Mkokotoni baada ya sala ya alasiri, mbele ya manahodha, wavuvi na vijana wanaosomea ubaharia. Wengi siku ile walikuwa dago, kambi za uvuvi za mbali, wakaniomba niwaandikie. Nimeyaacha kama yalivyotoka kinywani. Picha nilizoonyesha ukutani nimezitupa, hazikuwa na faida kubwa.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Manahodha wangu, wazee wangu wa Tumbatu mliovuka kuja kunisikiliza, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango ili mpate kutoroka mapema. Nakuoneni.

Kabla sijasema lolote, shikeni zile karatasi mlizogaiwa. Asiye na kalamu aazime kwa jirani. Kijana yule pale mlangoni atasoma namba sita, kwa sauti yake ya kawaida, bila ya kupiga kelele. Ziandikeni.

(Akasoma.)

Nani kazipata zote? Karibu ukumbi mzima. Vizuri. Sasa huyu mwenzake aliyekaa katikati yenu ana debe tupu la samli na kipande cha mti. Wa mlangoni atasoma namba nyengine, kwa sauti ile ile, na huyu atapiga debe.

(Akapiga. Akapiga kweli.)

Haya, nani kazipata zote sita? Hakuna. Nani kapata tatu? Mama mmoja tu. Mama yangu, wewe una masikio ya popo. Na nyinyi wawili wa mlangoni? Mmepata tano. Wekeni akilini hiyo tano, nitairudia.

Nakuulizeni sasa. Kinywa cha kijana wa mlangoni kimeguswa? Hakikuguswa. Sauti yake ilipungua? Haikupungua hata chembe. Maneno yake yalifika hapa ndani? Yalifika, yote. Basi kilichopigwa ni nini? Ni masikio yenu! Wala huyu wa debe hakuwa na haja ya kujua zile namba ni namba gani. Hakuwa na haja hata ya kujua kusoma.

Hiyo ndiyo vita niliyoitwa kuizungumza. Wataalamu wanaiita vita vya elektroniki, na ina milango yake mitatu: kusikiliza mawimbi ya adui, kuyashambulia, na kuyakinga yako. Leo nakaa kwenye mlango wa kushambulia. Sisi tuliokuwa vyumba vya redio melini tukisema "kujami", na neno si geni kwenu, kwani mnaijua jamu ya Darajani mchana. Gari lako zima, mafuta yamo, dereva mzima, na huendi.

Msidhani ni mambo ya mbali. Miaka michache nyuma, usiku mmoja wa kusi, boti moja ya hapa hapa, siitaji, na mwenyewe yumo ukumbini na anajua ninamsema yeye, mkono wake wa redio ulianguka ukabanwa na gunia la mbatata. Kitufe cha kusemea kikashikilia chini. Chaneli 16, chaneli ya dhiki, ile ambayo mtu akizama ndiyo anayoitia! Kwa zaidi ya saa nzima mkondo wa Pemba ulisikiliza taarabu na watu wawili wanagombana juu ya bei ya pweza. Mnacheka. Mimi nilikuwa nyumbani na redio yangu, nikijaribu kumwita kila baada ya dakika mbili, na hanisikii, kwa sababu redio ikiwa inasema haisikii. Na redio hizi za VHF zina tabia moja mbaya: zikipata sauti mbili kwa pamoja humfuata mwenye nguvu zaidi, na wa pili humezwa kabisa, husikii hata mkwaruzo wake. Lau kuna mtu aliita usiku ule, hakuna aliyejua.

Kama gunia la mbatata linaweza kufanya hivyo, jeshi je?

Turudi kwa wale wawili wa mlangoni waliopata tano. Wao walikuwa karibu na msemaji kuliko na debe. Masafa ndiyo kila kitu katika vita hivi. Chukueni rada. Rada inapiga ukelele halafu inasubiri mwangwi, kama mtoto pangoni. Ukelele unachoka wakati wa kwenda, na mwangwi unachoka wakati wa kurudi. Chombo kikiwa mbali mara mbili, mwangwi haurudi nusu. Unarudi sehemu moja katika 16. Lakini adui aliye kwenye chombo hicho akiamua kupiga debe lake, debe linasafiri njia moja tu, na likiwa mbali mara mbili hupungua kuwa robo. Mmeona mwizi alivyo na faida juu ya mwenye nyumba? Ndiyo maana mtambo mdogo ndani ya ndege unaweza kuishinda rada kubwa ya nchi kavu, mpaka ndege isogee karibu mno na mwangwi uwe mkubwa kuliko debe. Hapo rada hupenya, na rubani akawa na shughuli nyengine.

Sasa tazameni hizi GPS mlizonazo kwenye boti. Satelaiti zake ziko juu kiasi cha kilomita 20,200. Huo ni kama mwendo wa nusu ya mzunguko wa dunia. Na nguvu inayotoka kule haizidi sana ile ya balbu ya sebuleni. Balbu moja, nusu ya dunia! Ikifika kwenye antena yako ni mnong'ono ulio chini hata ya vurumai la kawaida la hewani. Chombo chako kinaudaka kwa sababu tu kinaujua mpangilio wake mapema. Kuuziba mnong'ono huo unahitaji debe kubwa kiasi gani? Dogo. Dogo mno. Ndiyo khatari yenyewe.

Watu hawakuanza jana. Warusi wana siku yao maalumu ya wanajeshi wa vita vya elektroniki, tarehe 15 Aprili, na wameichagua kwa sababu. Tarehe hiyo mwaka 1904 manowari mbili za Kijapani, Kasuga na Nisshin, zilikuwa zinapiga bandari ya Port Arthur, ngome ya Warusi huko China, kutoka nyuma ya mlima, hazioni shabaha yake. Meli ndogo zilikaa mahali pa kuona na kuzirekebisha kwa simu ya upepo, yaani redio ya zama zile: ongeza, punguza, kushoto kidogo. Waendesha mitambo wa Kirusi, kwenye manowari Pobeda na kituo cha nchi kavu, wakaifahamu ile lugha ya vidoto kuwa ndiyo jicho la mizinga. Wakabonyeza vifunguo vyao wakatoa cheche, kelele tupu. Mizinga ya Kijapani ikapofuka. Makombora zaidi ya 60, na hakuna meli bandarini iliyopigwa.

Mtasema Warusi wamelijua somo. Ngojeni. Mwisho wa mwaka ule ule msafara wao mkubwa ulizunguka Afrika kwenda kuipiga Japani, ukatia nanga wiki nyingi Nossi-Bé, hapo Bukini, yaani Madagascar, jirani zetu kabisa. Mwezi wa Mei 1905 wakakaribia mlango wa bahari wa Tsushima. Meli ya upelelezi ya Kijapani ikawaona usiku, ikaanza kutuma habari. Nahodha wa meli ya Kirusi Ural, aliyekuwa na mtambo wenye nguvu kubwa, akaomba ruhusa aizibe habari ile. Admirali Rozhestvensky akakataa. Msiwazuie Wajapani kupiga simu zao. Alikuwa na sababu gani? Wanahistoria wanabishana mpaka leo. Katika msafara mzima ule, ni meli tatu tu zilizofika bandari yao ya Vladivostok.

Mtu ana debe mkononi, anaambiwa asilipige.

Na sisi? Wangapi wenu wamewahi kupita Chapwani mkayaona makaburi ya mabaharia wa Kiingereza? Wale ni wa manowari Pegasus, iliyopigwa hapa bandarini Unguja asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914 ikiwa imezima moto inasafisha mitambo yake. Aliyeipiga, manowari ya Kijerumani Königsberg, akarudi kujificha katika vijito vya Rufiji. Waingereza waliposhindwa kumwona kwa sababu ya mikoko, walifanya kama Wajapani: wakapandisha ndege yenye redio iangalie wapi makombora yanaanguka. Tarehe 11 Julai 1915 ndege hiyo, ya rubani Cull na msaidizi wake Arnold, ikapigwa mashine angani. Inashuka, haina nguvu, na Arnold bado anabonyeza kifunguo chake kurekebisha mizinga, mpaka wakaanguka mtoni. Mwisho wa siku ile Königsberg ilikuwa imekwisha. Lau Wajerumani wangelipata njia ya kuiziba ile redio moja, ndogo, dhaifu, iliyo juu ya kichwa chao, sijui hadithi ya Rufiji ingelikwendaje.

Hadithi ninayoipenda mimi ni nyengine, na naomba mnivumilie nikae nayo kidogo. Februari 1942. Manowari tatu za Kijerumani, Scharnhorst, Gneisenau na Prinz Eugen, zimo bandari ya Brest, Ufaransa, na zinatakiwa kurudi kwao. Njia fupi ni mlango wa bahari wa Uingereza, mbele ya pua ya adui, Dover pale ambapo siku nzuri unaona ng'ambo kwa macho. Pwani yote ya Kiingereza ina rada. Utapitaje?

Mtu wa pupa angelipiga debe kubwa siku ya safari. Waingereza wangelijua papo hapo kuwa kuna jambo. Jenerali Martini wa Ujerumani, mkuu wa mawasiliano ya jeshi lao la anga, hakuwa wa pupa. Alianza kabla. Siku ya kwanza kelele kidogo, asubuhi, dakika chache. Siku ya pili zaidi kidogo. Siku ya tatu zaidi kidogo. Zilifanana na vurugu la hali ya hewa. Mwendesha rada wa Kiingereza akitazama kioo chake akaona ukungu, akaandika: hali ya hewa. Kesho ukungu umezidi, akaandika: hali ya hewa. Keshokutwa vile vile. Mpaka ilipofika tarehe 12, siku meli zilipopita kweli, rada nyingi zilikuwa zimezibwa na wenyewe washazowea. Meli zimefika karibu na Dover mchana kweupe ndipo mashambulizi ya maana yakaanza. Ndege sita za zamani aina ya Swordfish zilipelekwa mbio kuzizuia, zote sita zikaangushwa.

Nakuulizeni, nyinyi mnaotoka na mashua kila siku: ni mara ngapi chombo chenu kimekuonyesheni kitu kisichokaa sawa, kidogo tu, mkasema "ah, ndivyo kilivyo hiki"? Leo kidogo. Kesho kidogo. Tena kidogo.

Nimechukua hapa karatasi ya fedha, hii ya kufungia chakula, nimekata vipande vya sentimita 27. Wapelekeeni wa nyuma wavishike. Hivi ndivyo Waingereza walivyovimwaga kutoka angani usiku wa kuamkia tarehe 25 Julai 1943 juu ya Hamburg, mabunda kwa mabunda. Kwa nini 27? Kwa sababu rada za Kijerumani za kuelekezea mizinga zilikuwa na wimbi la sentimita 53 hivi, na kipande cha nusu ya wimbi huitika vizuri kuliko chengine chochote, kama uzi wa kanuni ya taarabu unavyotetemeka wenyewe ukipigwa wa noti ile ile pembeni yake. Kila bunda likawa ndege ya uongo kwenye kioo. Katika ndege 791 zilizokwenda, 12 hazikurudi, na wakati ule hiyo ilikuwa hasara ndogo sana. Kwa watu wa Hamburg waliokuwa chini, wiki ile ilikuwa Jahannamu. Hilo lisisahaulike tunaposifia ujanja.

Jambo la kushangaza ni kuwa Wajerumani nao walikuwa wanaijua siri hiyo hiyo, na kila upande uliificha ukiogopa mwenziwe asije akaiga. Yaani wachawi wawili, kila mmoja na hirizi ile ile mfukoni.

Karatasi hizo hizo zinanileta kwa hadithi inayoniuma, kwa sababu mwaka 1982 mimi nilikuwa kijana, opereta wa redio kwenye meli ya mizigo, na waliokufa walikuwa watu wa kazi yangu. Vita vya Falkland. Tarehe 25 Mei ndege mbili za Argentina zikarusha makombora mawili ya Exocet, yenye rada puani, kwenye msafara wa Kiingereza. Manowari zikamwaga karatasi hizi hewani, kila moja ikajizungushia wingu. Exocet ikaona wingu, ikaliendea, ikapita ndani yake. Sasa, kombora likikosa linakwenda wapi? Linaendelea kutafuta! Nyuma ya wingu lile ilikuwepo Atlantic Conveyor, meli ya makontena, meli kama zile zinazopita huku nje kwenda Mombasa. Haina karatasi, haina mtambo, haina chochote. Kombora likafungua macho, likaiona. Watu 12 walikufa, nahodha wao mmoja wao. Helikopta kubwa zilizokuwa ndani zikaungua, na askari waliokuwa wakizisubiri ikabidi waukate mwendo kwa miguu.

Manowari ilijikinga sawasawa. Kila mtu alifanya kazi yake. Na mwenye kulipa akawa baharia wa mizigo.

Wiki tatu kabla yake manowari Sheffield ilipigwa, watu 20 wakafa. Wakati ule ilikuwa inazungumza kwa simu ya satelaiti, na mawimbi ya simu hiyo yakakiziba chombo chake chenyewe cha kusikilizia rada za adui. Ilijijami. Hapo ndipo ninapoikumbuka saa hii.

Inueni juu waione. Hii ni saa ya chumba cha redio, nimepewa nilipoacha kazi. Mnaona vipande vyekundu viwili, dakika ya 15 mpaka 18, na 45 mpaka 48? Kila saa, kote baharini, mishale ikiingia kwenye nyekundu opereta wote tulinyamaza kwenye masafa ya dhiki. Hata kama una ujumbe wa tajiri wako. Mnanyamaza, mnavaa visikilizio, mnasikiliza kama kuna mnyonge anayeita kwa betri iliyokaribia kufa. Dakika tatu. Nimekaa kwenye kimya hicho maelfu ya mara, na nakwambieni hakuna kitu kinachotisha na kutuliza moyo kama kusikia bahari yote imeshika pumzi. Mwezi wa Februari 1999 mfumo mpya ukachukua nafasi, na kazi yetu sisi watu wa Morse ikamalizika.

Kuziba ni ushamba kidogo, lakini, ukizibwa unajua. Kibaya zaidi ni kughilibiwa. Mwaka 2013 wanachuo wa Texas na mwalimu wao Todd Humphreys walipanda boti ya kifahari katika Bahari ya Kati, kwa ruhusa ya mwenyewe, na mtambo wa ukubwa wa mkoba. Hawakuiziba GPS. Waliisemesha kwa lugha yake, taratibu, kwa sauti iliyozidi kidogo ya satelaiti, mpaka chombo kikawafuata wao. Kisha wakaivuta. Kioo kinasema tuko kwenye mstari, na boti inakwenda upande. Hakuna kengele iliyolia.

Mwezi wa Juni 2017 ikawa si mchezo tena. Bahari Nyeusi, karibu na Novorossiysk, meli zisizopungua 20 zikajikuta kwenye vioo vyao ziko uwanja wa ndege wa Gelendzhik. Meli, uwanja wa ndege!

Mimi mwenyewe yalinikuta 2018, safari zangu za mwisho, tunaikaribia Port Said. Saa tisa ya usiku. Ya kwanza kulia ilikuwa GPS. Nikasema itarudi. Kisha ramani ya kioo ikalia, kwa sababu inaitegemea GPS. Kisha chombo cha kuzitambulisha meli. Kisha simu ya satelaiti, haijui ielekeze wapi antena yake. Mwisho saa ya ukutani ya darajani, pale meli inapoongozwa, saa tu, ikaanza kumeta, kwani nayo inapata wakati wake angani! Kengele tano, kila moja na mlio wake, na kijana wa zamu, mtu mzuri, mwenye vyeti vyote, anazibonyeza moja moja zinyamaze kama mtu anayeua mbu. Nahodha akaja na kikoi. Hakukitazama kioo. Alitoka nje kwenye ubawa wa daraja, akatazama taa, akarudi, akapima masafa kwenye rada mpaka pwani na mpaka mnara, akapiga mistari miwili kwenye karatasi. "Tuko hapa." Ilichukua muda kama wa kunywa kikombe cha kahawa.

Tangu hapo yamezidi. Wakati wa vita vya Juni 2025 baina ya Israel na Iran, karibu meli elfu moja kwa siku zilivurugiwa mahali pake Ghuba na Hormuz. Tarehe 17 meli mbili za mafuta, Front Eagle na Adalynn, ziligongana nje ya Hormuz na kushika moto. Sisemi sababu ni hiyo peke yake. Penye ajali pana mkono wa mtu pia. Angani vile vile: Finnair mwaka 2024 ilisimamisha safari za Tartu, Estonia, mwezi mzima. Na siku ya 25 Disemba mwaka huo ndege ya Azerbaijan ilipoteza GPS juu ya Grozny, kisha ikapigwa na kinga ya anga ya Urusi, ikaenda kuanguka Aktau. Roho 38. Abiria wa kawaida, na mizigo yao.

Na Ukraine? Kule droni ndogo zimekuwa nyingi kama nzi, na kila upande una mitambo ya kuzikata redio zake. Wakaruka masafa, yaani wanaongea huku wakihama chaneli mara nyingi kwa sekunde. Wazo hilo ni la zamani. Hataza yake ya 1942, yaani hati ya uvumbuzi, ni ya mcheza filamu, bibi Hedy Lamarr, mzaliwa wa Vienna, na mtunzi wa muziki George Antheil: masafa 88, kama vitufe vya piano, kombora la maji na meli vinaruka pamoja kwa tepe mbili zinazofanana. Vijana wa kike mliopo, liandikeni jina hilo. Lakini mtambo wa kuziba ukiwa mpana, kuruka hakusaidii. Basi wakafanyaje? Wavuvi, hii ni yenu. Wamerudi kwenye mshipi! Droni inaruka na bunda la uzi mwembamba wa kioo mgongoni, inautoa nyuma yake kilomita 10, kilomita 20, na picha na amri zinapita ndani ya uzi. Debe halina la kufanya, hewani hamna sauti ya kuzibwa. Mashamba kule yametandwa nyuzi, asubuhi zinang'ara kama utando wa buibui. Kazi yake ni ya kuua. Lakini nilipoiona picha yake nilimkumbuka babu yangu na mshipi wa changu kidoleni.

Mzee mmoja kaniuliza njiani: haya sisi yanatuhusu nini, Mkokotoni hatuna manowari? Mzee wangu, Atlantic Conveyor nayo haikuwa manowari. Wala si kwamba nakwambieni mtupe GPS. Mimi ninayo, naipenda. Ninachoomba kwa nyinyi wenye vyombo ni hiki: dira irudi mahali pake, si ndani ya sanduku la spana. Bildi ya kupimia pima iwe na kamba nzima. Ukipita Ras Nungwi, itazame taa, halafu ndipo utazame kioo, usianze na kioo. Siku vinapokhitilafiana, andika saa na mahali, umwambie mwenzako kwa redio. Na mkono wa redio utundikwe kwenye kulabu yake! Mwenyewe anajua.

Mwisho, karatasi zenu tena. Huyu wa debe apige, apige kwa nguvu zake zote. Na wewe wa mlangoni, safari hii usiseme kitu. Simama kwenye mwangaza, uinue vidole. Namba sita.

(Debe likapigwa. Vidole vikainuliwa.)

Nani kazipata zote? Karibu wote. Nyinyi wa nyuma ya nguzo? Hamkuona kitu. Na mbona hamkuhama?

Maswali baada ya sala. Wewe, weka debe chini sasa, muadhini anataka kuanza.